Bismillahi ya Mume Wangu Porini

Mume wangu huwinda kila kiangazi, na si hapa Omani. Hapa paa haguswi, ukikamatwa naye unakwenda jela, na mie naona ni sawa. Tunakwenda Tabora, tulikozaliwa sote wawili. Huko binamu yake alibaki, na ndiye anayeshughulikia vibali, bunduki, na askari wa wanyamapori wa kufuatana nao. Wawindaji ni watatu: mume wangu, mdogo wake anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Sib, na huyo binamu. Mie nakwenda kwa sababu bila mie hawali chakula cha maana. Nakaa garini na kisu na ndoo, nangoja cha kunyonyoa.

Misimu miwili nilingoja sana. Binamu alileta chake, shemeji alileta chake. Wa kwangu alirudi mikono mitupu.

Sisi mnyama wa risasi anasomewa wakati wa kufyatua. Ukisema "Bismillahi, Allahu Akbar" ukapiga, hata ukimkuta keshakufa unakula. Ukiacha kwa makusudi, ni mzoga, mtupie fisi. Mume wangu hajapata kuiacha hata siku moja. Lakini masikio yake yamekwenda, na yalivyokwenda, sauti yake ikapanda bila mwenyewe kujua. Bismillahi yake ikawa inanifikia mpaka garini, na vioo vimefungwa. Swala anainua kichwa, anamtazama, anakwenda zake. Kanga wanatimka kundi zima. Hapo tena ndiyo bunduki inalia, inapiga majani.

Alilaumu bunduki. Msimu wa pili akalaumu marisau, zile chembe za risasi, kisha miwani, tukabadilisha miwani. Na nani amwambie? Mzee wa miaka sabini na kitu utamwambia vipi apunguze bismillahi? Mdogo wake hakuthubutu. Alichothubutu ni kucheka.

"Mwadhini keshapanda mnarani," alisema siku moja, hatua mbili nyuma ya mgongo wa kaka yake, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Na kanga wamekwenda kutia udhu," binamu akajibu.

Mume wangu akageuka, akawatabasamia. Alidhani wanamwombea kheri. Mie nilisikia yote na nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, naliandika kama lilivyo.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya safari, shemeji kaja nyumbani asubuhi. Mume wangu yuko pale pale, mbele ya tende na kahawa. Shemeji akasema na mie juu ya kichwa chake, kama mtu anayesema juu ya kabati.

"Shemeji, safari hii tunaona kaka apumzike. Tutakwenda mie na binamu. Mwambie wewe, atakusikia."

"Atanisikia kwa masikio gani?"

"Basi mwambie daktari kamkataza, moyo."

"Daktari gani?"

"Yeyote."

"Mnasemaje?" mume wangu akauliza.

"Tunasema kahawa tamu, kaka!"

"Kahawa haina sukari," mume wangu akasema, akanywa.

Nikamtoa shemeji mpaka mlangoni. Mume wangu kastaafu zamani. Ana sala zake, ana mitende mitatu nyuma ya nyumba, na ana zile wiki mbili za Tabora. Miezi mingine yote anazisimulia au anazingoja. Ukimwondolea hizo, unampa kiti akae mpaka afe. Sikuona haja ya daktari wa uwongo.

Nikarudi, nikasimama mbele yake, nikamwambia kwa sauti inayotakiwa.

"Kanga wanakimbia kwa sababu unapiga kelele. Unaadhini."

"Unanikataza kumtaja Mungu?"

"Mungu anakusikia hata ukinong'ona. Na kanga pia."

"Mie naisema polepole."

"Polepole yako jirani anaitikia amina."

Akaghadhibika. Siku mbili hakusema na mie, ila chakula alikula. Siku ya tatu kamwambia binti yetu ampeleke Wattaya, kwa watu wa masikio. Tulikwenda sote. Ni chumba cha juu, ukichungulia dirishani unaona magari mapya yamepangwa yanang'aa. Tabibu akamtia vyombo viwili vidogo kama kunde, kimoja kila sikio. Mume wangu akatazama juu, kwenye kiyoyozi.

"Hiki kinavuma siku zote?"

"Siku zote, baba," binti akasema.

Njiani kanambia, "Kumbe unasema kwa ukali hivi."

Nikamjibu nimesema hivi tangu tulipooana.

"Mwanzo nilikuwa nasikia," kasema. "Nilisahau."

Akatukataza kumwambia mtu. Kilemba akakishusha kufunika masikio, akaenda mwenyewe kwa mdogo wake kumwarifu kuwa anakwenda Tabora, wala hajaambiwa na daktari yeyote abaki, maana na hilo nilikwisha kumwambia. Shemeji hakuweza kumkatalia kaka yake usoni.

Kule porini siku mbili za kwanza hakupiga hata risasi moja. Alitembea akisikiliza. Wenzake hawakujua kitu, wakaendelea na yao. Siku ya kwanza ilikuwa mnara na mwadhini. Ya pili, walisimama kando ya gari, mume wangu yuko mbele yao anafunga viatu, shemeji akamwambia binamu kuwa mwakani atamwacha kaka yake Sib na wanawake, hata iweje. Nikamtazama mume wangu. Aliendelea kufunga kamba, akazifunga sana.

Siku ya tatu asubuhi kulikuwa na kanga ukingoni mwa shamba la karanga lililokwisha kuvunwa. Wanachakura, wanapiga kelele zao. Gari lilikuwa karibu, vioo viko chini. Nikaona midomo ya mume wangu inacheza. Sikusikia kitu. Bunduki ikalia, wakaanguka wawili. Mmoja alikuwa bado anapigapiga mbawa, akamkimbilia na kisu, akamchinja.

"Leo mwadhini kaugua koo," shemeji akasema nyuma yake.

Mume wangu hakugeuka. Alikuwa anafuta kisu kwenye majani.

"Koo zima," akasema. "Masikio ndiyo yamepona. Ya mnara nimeyasikia juzi. Ya jana pia, ya kuachwa Sib na wanawake."

Askari wa wanyamapori akaanza kuitazama miti. Binamu akakumbuka kitu garini, akaja kukitafuta miguuni pangu, hakukipata.

"Kaka, ule ulikuwa mzaha."

"Najua. Endelea nao. Nataka na mie niucheke."

Mume wangu kanletea kanga wote wawili dirishani, nikanyonyoa. Kanga wa porini ni mgumu, nilimchemsha mpaka adhuhuri ndipo nikamtia tui. Wakala wote watatu, shemeji akasema mchuzi umekolea. Siku ya mwisho swala alitokea upande wa mume wangu, akampisha binamu ampige. Alisema kanga wanamtosha. Nyama tuliigawa kule kule, haivuki mpaka.

Mwaka huu shemeji akija hasemi na mie tena juu ya kichwa cha kaka yake. Juzi kaja, kakaa, kamwelekea yeye mwenyewe, kamwambia vibali vimetoka na majina yameandikwa. Mume wangu akaweka mkono sikioni.

"Rudia," akasema. "Sikusikia vizuri."

Alisikia. Mie niko naye kila siku, najua. Shemeji akarudia kwa adabu, akayataja majina yote matatu, la kaka yake likiwa la kwanza.