Kigoda cha Mvua

Katika uwanja wa Hezroni, hapa Njisi, juu ya kichanja cha kuanikia kakao, pamefungwa kibao kidogo kisichozidi kiganja cha mkono. Uso wake una mistari ya shaba iliyochorwa mfano wa vitana viwili vinavyotazamana, meno ya kimoja yakiingia katika mapengo ya kingine bila kugusana. Mgeni akikiona hudhani ni hirizi, na wapo waliothubutu kuuliza. Hezroni na mimi tulikua pamoja kijijini hapa. Nikaondoka kwenda kufundisha, nikastaafu, nikarudi kuwa jirani yake. Nadhani, basi, ninaweza kueleza kibao hicho kilitoka wapi, na kwa nini mkewe Naomi hakubali kupika bila kukalia kigoda chake kile kimoja.

Hezroni hakuwa fundi wa redio, na hata leo hapendi kuitwa fundi. Alikuwa mtunza ghala kule Kasumulu, mpakani, ambako mizigo ya kwenda na kutoka Malawi hulala ikisubiri karatasi zake. Enzi hizo redio ndiyo iliyokuwa sauti ya nyumba. Redio ya mfanyabiashara ikianguka kutoka kwenye baiskeli, mwenyewe aliitikisa, akaitegea sikio, kisha akaitelekeza ghalani kwa hasira. Hezroni aliziokota zile maiti, akazifungua ili aone kilichomo. Nakumbuka nilipokuja likizo akaniita, akanionyesha njia za shaba zilivyotambaa juu ya ubao wa redio moja iliyopasuka.

"Mwalimu, hebu tazama. Hii si ndiyo Kyela yetu? Huu Kiwira, huu Mbaka, ule pale Lufilyo. Yote inatelemkia ziwani."

Tangu siku ile sijapata kuutazama ubao wa redio nisione mito.

Kutazama hakukumtosha, alitaka kuchora mito yake mwenyewe. Kazi yenyewe, kwa jinsi alivyonifafanulia, haina uchawi. Hununuliwa ubao mwembamba uliofunikwa shaba upande mmoja. Juu ya shaba huchorwa njia za umeme kwa rangi isiyoyeyuka upesi, kisha ubao huzamishwa katika dawa inayokula shaba. Palipofunikwa na rangi hupona, palipo wazi huliwa. Rangi ikifutwa, njia hubaki ziking'aa, na mtu hutoboa matundu na kuanza kulehemu.

Ubao na dawa aliviagiza Mbeya. Rangi aliipata karibu zaidi. Siku moja tulikwenda pamoja sokoni Kyela, akasimama mbele ya meza ya mwanamke muuza hereni na vitana, akaomba rangi ya kucha.

"Nyekundu au ya waridi, baba?"

"Yoyote, mradi iwe nzito."

"Eh! Mama nyumbani ana bahati. Wangu hata mafuta ya kujipaka hajawahi kuninunulia."

"Si ya mama," alijibu Hezroni bila kufikiri. "Ni ya kazi zangu."

Wauzaji wa meza zote za jirani walitugeukia. Nilimvuta mkono tukaondoka, na nyuma yetu kicheko kikaanza upande huu, kikaitikiwa upande ule, mpaka tukafika kwenye mchele. Naomi aliposikia habari hiyo alicheka akashika mbavu. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani amepaka rangi ile ile kwenye kucha zote kumi, ili, kama alivyosema, kuuokoa utu wa mume wake.

Kwa kalamu Hezroni alitumia unyoya wa kuku, akauchonga ncha. Kwa chombo cha dawa alitumia, kwa bahati mbaya, sufuria ya Naomi ya kukaangia maandazi. Dawa inayokula shaba haikuidharau sufuria ile. Ilichemka kama uji, na ilipotulia, sufuria ilikuwa na tundu la kupitisha yai.

"Baba Kisa," alisema Naomi akiiinua sufuria na kumtazama mumewe kupitia lile tundu, "mimi nakuona. Wewe unaniona?"

Ndiyo maana walisafiri wote wawili hadi Lyulilo, ufukweni, wanakouza vyungu, kutafuta chombo ambacho dawa haitakishinda. Mfinyanzi mmoja aitwaye Jeni aliwatolea bakuli pana la udongo, akauliza, kama desturi, litapikiwa nini.

"Shaba," alisema Hezroni.

Jeni alimgeukia Naomi. "Dada, huyu mzee wako anakula vizuri lakini?"

"Anakula, dada. Ila sufuria zangu nazo zinaliwa."

Bakuli lile lipo hadi leo. Hezroni alilipaka nta ya mshumaa ndani ili lisivuje, na Naomi akalifunga uzi mwekundu shingoni ili asije mtu akalichotea maji. Dawa iliyochoka, yenye rangi ya kijani kibichi, Hezroni huitia katika dumu na kulihifadhi. Naomi alipendekeza mara moja aimwage kwenye mikakao, maana inafanana na ile ya kunyunyizia ukungu. Akakatazwa kwa upole, kwa maelezo marefu.

Ile ilikuwa miaka mizuri. Kutoka bakuli la Jeni ilitoka redio iliyokamata kituo kimoja tu, lakini kwa uaminifu. Kikatoka kipaza sauti cha kwaya, na baadaye kengele ya mlango iliyolia kama chiriku, ambayo watoto wa shule waliibonyeza kila walipopita mpaka betri ikafa. Kila alichokitengeneza Hezroni kilikuwa cha kusikiwa. Hakuna kati yetu aliyeliwazia jambo hilo wakati ule.

Sauti iliyokuwa kubwa kuliko zote hizo, hata hivyo, ilikuwa ya Naomi mwenyewe. Anayekaa Kyela anajua kwamba mvua yetu haipigi hodi. Jua huwa kali, kakao imetandazwa uwanjani baada ya kuvundikwa kwenye majani ya migomba, na ghafla wingu linashuka kutoka milima ya Livingstone. Kakao ikilowa baada ya kuanza kukauka huota ukungu, na kazi ya msimu huharibika. Naomi, hata akiwa jikoni, aliisikia mvua ikija kwa mbali juu ya majani ya migomba. Alitoka akapaza sauti: "Ifula! Ifula! Anueni!" Kwa wasiojua Kinyakyusa, ifula ni mvua. Nyumba zote za upande wetu zilitoka kwa sauti ile. Majamvi yalikunjwa, watoto walikimbia na vikapu, na kutoka kila uwanja lilirudi jibu la asante: "Ndaga, Mama Kisa!" Nilipokuwa nafundisha mbali, mvua ikianza kupiga bati la darasa nilikuwa nikiisikia sauti ile kichwani.

Kisha Naomi aliugua homa kali. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Alijifunza upesi kusoma midomo yetu, na utani wake haukupungua sana. Ila sauti aliishusha, kwa kuwa hakujua tena ina ukubwa gani, naye aliona aibu kupiga kelele asizozisikia.

Msimu huo huo, Hezroni akiwa shambani, Naomi alikuwa jikoni akimenya ndizi, ameupa uwanja mgongo. Mvua ikaja. Hakuna aliyeita. Majirani, ambao kwa miaka yote walikuwa wamekabidhi masikio yao kwa mtu mmoja, nao walilowesha kakao zao. Ya Naomi ilikuwa nyingi kuliko zote. Kwenye kituo cha kununulia kakao ilikataliwa kwa ukungu, na hakuna aliyeweza kumlaumu mpimaji, maana harufu ilitangulia gunia.

Naomi hakulia. Alirudi nyumbani, akalikunja jamvi lake, akaliweka darini.

"Kakao ianikwe na mwenye masikio," alimwambia mumewe kwa ile sauti yake mpya ya chini. "Mimi nitapika."

Hezroni aliniambia maneno hayo akiwa amekaa kwenye baraza yangu, na nikaona kwamba hakuwa akisikitikia kakao. Mke wake alikuwa amejitoa uwanjani, mahali alipokuwa mtu wa kijiji kizima, akajifungia jikoni. Alichokitaka Hezroni ni kumrudisha.

Alichukua ubao, unyoya na rangi ya kucha, akachora vile vitana viwili. Tone la mvua likidondoka kati ya meno, maji huunganisha shaba na shaba, umeme kidogo hupita, na umeme huo huamsha mkubwa zaidi kutoka kwenye betri ya sola. Alipomaliza alituita mimi na jirani yetu Lusungu, mwanamke mjane ambaye kakao yake pia ilikuwa imeharibika. Hezroni alichukua kata ya maji, akanyunyiza juu ya kibao. Kengele aliyoiunganisha nacho ikalia kwa nguvu ya kuamsha wafu. Kuku walitawanyika, mbwa wangu akabweka kutoka ng'ambo ya uzio, na sisi tukapiga makofi.

Jikoni, Naomi aliendelea kumenya ndizi.

Makofi yalituishia mikononi. Lusungu, ambaye ulimi wake haujui kona, ndiye aliyesema: "Baba Kisa, hii umemtengenezea nani? Mimi masikio ninayo."

Hezroni alisimama na kata yake tupu. Miaka yote alitengeneza vitu vya kulia, na mkono wake ulikuwa umetengeneza tena kitu cha kulia kabla moyo haujaukumbusha. Naomi alichungulia mlangoni.

"Kuku wamepita hapa kama wameona mwewe," alisema. "Kuna nini?"

Alitutazama mmoja mmoja, akaitazama kengele, akaelewa. Alirudi ndani taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angelia.

Kwa siku kadhaa Hezroni hakugusa chuma chake cha kulehemu. Nilikwenda kumjulia hali, tukakaa jikoni pamoja na Naomi, naye alikuwa ametupa mgongo akipepeta mchele. Ghafla akainua kichwa.

"Lori la mpunga," alisema. "Limejaa kweli kweli leo."

Hezroni na mimi tulitazamana. Lori lilikuwa linapita barabarani, mbali, na ni kweli lilikuwa limejaa.

Hezroni aliinama mbele yake ili aone midomo. "Umejuaje?"

Naomi alipiga kiti chake kwa kiganja. "Kigoda kimeniambia."

Hezroni aliondoka bila kuaga. Aliitoa mota ndogo katika redio ya kaseti iliyokufa. Kwenye ncha yake alifunga, upande mmoja tu, kipande cha risasi cha kuzamishia nyavu, ili mota ikizunguka ipepesuke na kutikisa kila kilichoishika. Naomi alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, tulikigeuza kigoda chake chini juu, tukaipigilia mota tumboni mwake, tukapitisha waya chini ya udongo hadi kwenye kibao kichanjani, mahali pa kengele. Hezroni alianika kakao mwenyewe asubuhi ile.

"Nitamweleza jioni," alisema, "tukishakula. Jambo hili linataka utulivu."

Naomi alirudi, akakaa, akaanza kukoroga mboga. Hezroni alikuwa kwangu akirudisha nyundo. Wingu halikusubiri jioni.

Wasomaji wa bonde hili hawahitaji kuelezwa kinachofuata, maana sisi tumelelewa na ardhi inayotetemeka. Tangu utotoni tumefundishwa: ukiona kiti kinacheza, usiulize, toka nje. Naomi aliruka kutoka kwenye kigoda, mwiko mkononi, akatoka uwanjani na kupaza ile sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu homa.

"Tetemeko! Tetemeko! Tokeni nje!"

Nyumba zote zilitoka. Lusungu alitoka na taulo. Tulisimama viwanjani mwetu tukiitazama ardhi, nayo ilikuwa imetulia kabisa. Naomi alisimama katikati ya uwanja wake, akitazama kuta zisizoanguka. Kisha nilimwona akigusa shavu. Alikitazama kidole chake kilicholowa, akakitazama kichanja, akaufuata kwa macho mstari wa udongo uliofukuliwa mpaka unapoingia jikoni. Hezroni alikuwa akikimbia kuelekea kwake, nyundo bado mkononi, akijaribu kueleza kwa mikono yote miwili.

Hakumngoja amalize. Alijaza kifua.

"Ifula! Ifula! Anueni!"

Majamvi yalikunjwa. Vikapu vilikimbia. Mvua ilipomwagika kwa uzito wake wote ilikuta viwanja vitupu, na kutoka kwenye veranda moja baada ya nyingine tuliinua mikono juu ili atuone, tukiita kana kwamba atatusikia: "Ndaga, Mama Kisa! Ndaga fijo!"

"Ungeniambia, Baba Kisa," alisema Naomi wakiwa chini ya upenu, wamelowa wote wawili. "Nimekaribia kufa."

"Nilikuwa nimepanga jioni."

"Mvua yetu na jioni yako vimejuana lini?"

Jamvi lilishushwa kutoka darini kesho yake.

Siku hizi mtu anaweza kuagiza bodi za saketi kwa simu, zikachorwa na mashine nchi za mbali na kufika Mbeya kwa basi, nyembamba na safi kuliko za Hezroni. Vijana wamemwambia, naye huwashukuru. Meno ya kibao chake huliwa na unyevu, hivyo kila msimu huhitajika kingine. Lakini mikono ya Hezroni imeanza kutetemeka, na unyoya ameukabidhi kwa Naomi. Juzi niliwakuta barazani, bakuli la Jeni kati yao, Naomi akichora jino baada ya jino kwa rangi ya waridi, kucha zake mwenyewe zikiwa zimepakwa rangi hiyo hiyo.

"Usiziguse, Mwalimu," aliniambia bila kuinua macho. "Hazijakauka."

Sikujua alimaanisha kucha au njia za mito.