Novemba Badala ya Januari

Mkuu wa chuo alitueleza sisi wazazi ukumbini kwamba wanafunzi wote, hata wa ushonaji kama binti yangu, wataongezewa masomo ya jumla: historia, hesabu, uandishi wa barua. Mwaka ulivyo hautoshi, kwa hiyo alipendekeza chuo kifunguliwe Novemba, si Januari tena.

Novemba! Nyumbani kwetu Kwihara tuko wawili tu, mimi na yeye. Mimi niliyeishi kando ya njia ya zamani ya misafara bila kwenda popote, mvua za kwanza zingenikuta kibarazani peke yangu. Ukumbi ulikuwa na joto la usingizi. Nikasinzia, nikawaona wapagazi wa zamani wakipita mbele ya nyumba yetu, polepole kama moshi, na nyuma yao binti yangu, cherehani kichwani, hageuki.

Nikasimama. "Januari ibaki. Novemba watu tunalima."

Mama mmoja wa Goweko, mkulima hasa, akanigeukia. "Baba, una shamba la tumbaku?"

"Sina."

"La mahindi?"

"Lipo kidogo, nyuma ya jiko."

"Basi mwache mtoto asome, hilo la jiko palilia mwenyewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikaketi. Tukanyoosha mikono kupiga kura, Novemba ikapitishwa.

Binti yangu alikuwa akinisubiri getini. "Wamesemaje, baba?"

"Novemba."

"Pole, baba," akasema, akijitahidi kusikitika, lakini midomo ilikataa kutulia.

Nikamwambia acheke tu njiani. Tukifika nyumbani, asikitike kidogo kwa ajili yangu.