Muhtasari wa Shangazi na Mbwa wa Kwenye Kioo

Mimi ni mtu wa kuandika, si wa kusema. Nikiulizwa jambo mbele za watu masikio yanapata moto na sauti inakwama. Ndiyo maana nina daftari hili, na ndiyo maana nyumbani kwa shangazi yangu, pale Njombe, nilipewa ukarani bila kuuomba.

Shangazi, dada yake baba, ni mkunga wa zahanati ya misheni. Juni nilikuja kwake likizo kutoka shule ya sekondari ya wasichana, safari ya treni na mabasi hadi kiuno kikawa si changu. Juni ya Njombe vidole vinakufa ganzi, ukungu unaingia hadi jikoni na kukaa nawe motoni kama mgeni. Siku ya tatu basi la Makambako likaleta barua ya Kiingereza, imepigwa taipu.

"Soma," alisema Shangazi, kisu cha viazi mkononi. "Wananiita au wananifukuza?"

Walikuwa wanamwita. Wakunga, wauguzi na madaktari wasaidizi wa nyanda zetu wangekutana Makambako, kwenye darasa la shule, kwa kuwa pale ndipo barabara zinapokutana. Anayetaka kuzungumza atangulize *abstract* isiyozidi maneno mia mbili. Kamati itachagua.

Shangazi aliweka kisu chini. Nilijua kwa nini. Wanawake wanaotoka mbali, Mlangali na kwingine, walikuwa wakianza safari wakati uchungu umeshaanza, na wengine walijifungulia porini. Wakija mapema hawakuwa na pa kulala. Shangazi alitaka nyumba ya kusubiria, basi. Alishawaambia wazee wa usharika, akamwambia Sista, yule muuguzi Mzungu wa misheni, akamwambia hata karani wa boma. Kila mmoja alimjibu kwamba hilo ni wazo zuri.

"Na mvua inalinyeshea hilo wazo zuri," alikuwa akisema. Sasa akaniuliza, "Hiyo abstract ni mdudu gani?"

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Darasani tulifundishwa kwamba *abstract noun* ni jina la kitu kisichoshikika: upendo, hofu, njaa. Katika mtihani wa sarufi nilikuwa wa kwanza. Nikajibu kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao maishani: "Wanataka mambo yasiyoonekana kwa macho, Shangazi. Yale ya ndani ya mtu."

Alinitazama. "Hao hao wa serikali? Mimi nilidhani watataka hesabu."

"Neno limeandikwa hapa."

"Haya. Basi wamepata akili mwaka huu. Andika." Akajifuta mikono, akasimama wima kama yuko kanisani. "Kamwene! Hamjambo nyote, wake kwa waume. Habari za nyumbani, habari za watoto, poleni na baridi, poleni na safari. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila mafua kidogo, na mahindi mwaka huu..."

Nilihesabu kwa ncha ya kalamu. "Shangazi, salamu zinakula maneno yote."

"Na bado sijauliza ng'ombe."

"Tuzitoe."

"Nizitoe? Niingie nyumbani kwa watu bila hodi, kama moshi?"

Tulibishana hadi viazi vikaungua chini. Mwishowe nilimkubalia neno moja tu, Kamwene, ambalo kwetu Wabena likitamkwa vizuri linabeba na ng'ombe humo humo. Yaliyobaki nikayatafsiri kwa Kiingereza changu cha shule. Alisema hofu: mama anaogopa kuondoka mapema kwa sababu hajui atalala kwa nani. Alisema aibu: kuomba mahali kwa watu usiowajua, na tumbo lile mbele yako. Alisema upweke wa njia, na tumaini, ambalo kwa maneno yake ni kuona bati la zahanati likimeta kwa mbali ukadhani umefika, kumbe bado bonde zima. Mimi nilikuwa naandika huku nataka kulia. Nikampa karatasi utingo wa basi, nikajiona msomi.

Kesho yake Sista alinikuta kisimani. Anasema Kiswahili cha kitabuni, kila neno limenyooka. "Je, mmekwisha kuandika ule muhtasari wa shangazi yako?"

"Muhtasari upi, Sista?"

"Abstract. Ufupisho! Umefanya kazi gani, umeona nini, unaomba nini."

Ndoo ilinitoka. Maji ya Juni yalinilowesha miguu yote na sikusikia baridi. Ufupisho! Na sisi tulikuwa tumewapelekea hofu na aibu, bila idadi ya mama hata mmoja, na nyumba yenyewe hatukuitaja. Wangeisoma wacheke, wachague wengine, na nyumba ya Shangazi ingebaki wazo zuri kwa sababu ya sarufi yangu.

Siku mbili sikuweza kumwambia. Siku ya tatu niliandika kila kitu kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya mkoba wake wa kazi, juu ya mkasi. Alirudi mchana ameishika.

"Mtoto wewe! Tunakula chungu kimoja, halafu unaniandikia barua?"

Nilimsogezea kiti na sahani ya chakula.

"Niliyoyasema ni uongo?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi waache wasome." Akaketi, akavuta sahani. Lakini hakuimaliza, na kuanzia siku ile basi lilipopiga honi mchana alikuwa akipata sababu ya kutoka nje.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa katibu mwenyewe, daktari msaidizi ambaye si wa kabila letu. Ninalo mpaka leo katika daftari. "Kamwene, Mama Mkunga. Ulichotuletea si abstract. Kamati ilicheka, halafu ikanyamaza, halafu ikaomba kisomwe tena. Njoo uzungumze dakika kumi. Ukiweza, lete picha za kuonyesha ukutani."

Shangazi alipiga vigelegele hadi jirani akakimbia kuuliza ni nani amejifungua.

Picha zikawa kazi yangu. Sista alikuwa na taa ya kuonyeshea picha, inayotumia karabai, na sanduku la vioo vya zamani vya mpiga picha, vya enzi picha zilipopigwa juu ya kioo, navyo vimeharibika. Tulivichemsha kwa magadi, tukavisugua hadi vikawa safi, tukavipaka ute wa yai ili wino ushike. Mimi nikachora. Kioo cha kwanza, mama na mzigo wake njiani. Cha pili, mto uliofurika. Cha tatu, zahanati yetu, baraza tupu, na mama ameketi nje kwenye mvua. Shangazi alivikagua kimoja kimoja.

"Huyu mama mbona ana shingo ya twiga?"

"Anatazama mbali, Shangazi."

"Atazame mbali, lakini mpunguzie."

Tulikwenda Makambako kwa basi la asubuhi, Sista na taa yake mbele, vioo vimefungwa ndani ya khanga tatu za Shangazi na kupakatwa mapajani mwangu kama mtoto mchanga. Darasa lilijaa makoti. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili picha zionekane. Mbele aliketi daktari Mzungu wa wilaya, pembeni yake katibu na kengele ndogo ya kukatia watu maneno. Mimi nilipewa kushika vioo, nyuma ya taa, gizani. Sijawahi kupenda mahali kama nilivyopapenda pale. Nilikuwa na kazi muhimu na hakuna aliyeniona.

Shangazi alisimama. "Kamwene!"

"Kamwene!" likajibu darasa, hata waliotoka mbali.

Basi, akaziachilia salamu zote. Habari za nyumbani, za watoto, baridi, safari. Safari hii na ng'ombe aliwauliza. Nilimwona katibu anaishika kengele, na mimi nyuma ya taa nikawa naomba kimoyomoyo, Shangazi, dakika zinaliwa. Lakini watu walikuwa wamekaa vizuri vitini, wameegemea, wanamtazama kama jirani aliyeingia. Akanipungia mkono. Nikatumbukiza kioo cha kwanza, kichwa chini kama Sista alivyonifundisha, na mama akasimama wima ukutani, mkubwa kuliko mlango. Cha pili. Watu wakajisogeza mbele. Cha tatu.

Kicheko kikapasuka.

Nilichungulia ukutani. Palikuwa na baraza letu, palikuwa na mvua, palikuwa na mama. Na barazani, pakavu kabisa, ameketi mbwa. Mbwa mnene, masikio yamelala, rangi ya chai, anatutazama. Ilikuwa picha ya zamani ambayo magadi hayakuiondoa. Mchana tuliiona kama doa tu, lakini karabai ilikuwa imeifufua.

"Ho! Ni mbwa wetu!" Sista alipiga kelele. "Mbwa wetu wa zamani!"

"Naye anasubiri kujifungua?" sauti ya mwanaume iliuliza kutoka nyuma, na darasa likazidi kucheka. Nilitaka kukitoa kioo, kikakwama.

Shangazi aligeuka, akamtazama yule mbwa muda mrefu. Kisha akawageukia watu.

"Chekeni, hata mimi nacheka," alisema. "Lakini mmeona? Mbwa amepata mahali barazani. Mama wa Mlangali bado yuko kwenye mvua."

Katibu alikuwa ameinua kengele, dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Nilimwona akiishika ulimi kwa kidole isilie, taratibu, akaitia mfukoni.

"Mama, unaomba nini hasa?" daktari wa wilaya aliuliza.

"Chumba, Bwana Daktari. Chenye paa. Moto tutauwasha wenyewe."

Sista akasimama, uso mwekundu. "Liko ghala la mbegu nyuma ya zahanati. Linavuja. Lakini... lipo."

"Mimi nina ngazi na nyasi za kuezekea," alisema muuguzi mmoja aliyetoka Kichiwa. "Jumamosi naja."

"Jumamosi ipi?" Shangazi akamwuliza pale pale, na darasa likacheka tena, safari hii pamoja naye.

Alikuja Jumamosi hiyo hiyo, na wengine wanne. Nilipaka kuta chokaa mwenyewe, nywele zikawa za bibi kizee. Shangazi alitaka iitwe Nyumba ya Tumaini, na mimi nikaiandika hivyo mlangoni kwa herufi nzuri. Hakuna aliyezisoma. Habari ya Makambako ilikuwa imeshafika sokoni kabla yetu, na mji mzima ukaiita Kwa Mbwa. Shangazi alinuna siku nzima.

Siku mbili kabla sijarudi shule tulikuwa tunatandika mikeka, tukasikia miguu nje. Mwanamke kijana, tumbo kubwa, mzigo kichwani, vumbi hadi magotini. Uchungu bado, alikuwa amekuja mapema.

"Kamwene," alisema. "Samahani, mama. Nimeambiwa niulize, hapa ndipo Kwa Mbwa?"

Nilijiziba mdomo. Shangazi alinikata jicho, kisha akaupokea ule mzigo kwa mikono miwili.

"Ndipo hapa, mwanangu," alisema. "Ingia ndani ukae."