Kidonge au Kisu

Titi la kushoto lilikuwa limekatwa na kidonda kimepona. Kipimo kilionyesha saratani yangu ililishwa na homoni. Daktari akanipa njia mbili: kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, au kutolewa ovari. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, bado naona siku zangu.

Nilirudi nyumbani Dongobesh nikagawa ukurasa wa daftari kwa mstari. Kidonge: joto la ghafla, damu kuganda mguuni, hatari ndogo ya saratani kwenye mji wa mimba. Kisu: hedhi kukoma mara moja, mifupa kudhoofika, hakuna kurudi nyuma. Nilitumia kamusi na kitabu cha tiba cha mtumba, neno kwa neno, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Nilichagua kidonge. Kikinishinda, kisu bado kipo.

Mume wangu akamwita kaka yake kutoka Gehandu, anayehasi madume ya ng'ombe ya ukoo mzima.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nasikia daktari anataka kukuhasi."

"Nimekataa kuhasiwa. Nitameza vidonge."

"Ndiyo yale yale! Vidonge vya uzazi wa mpango tunavijua. Ndugu yangu ana mabinti watatu. Zaa kijana kwanza, dawa utakunywa baadaye."

Nilimweleza kwamba si vya uzazi wa mpango, ila nikivimeza sipaswi kushika mimba, na kwamba ugonjwa huu hausubiri mtu anyonyeshe.

"Shemeji, ukitaka kuhasi dume, nani anapanga siku?"

"Mwenye dume. Nani mwingine?"

"Na mwili huu, mwenyewe ni nani?"

Akacheka, akamgeukia mume wangu. "Huyu amesoma vitabu vingi."

"Viwili," nikasema. "Cha tatu sijakimaliza."

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nikamwambia, "Kijana hatazaliwa na mimi. Kama unamtaka kuliko unavyonitaka mimi, sema sasa, kaka yako akiwa shahidi."

Shemeji akaanza kukohoa. Mume wangu akauliza, "Basi la kwenda hospitali linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," nikajibu. "Ukichelewa kuamka, nitakwenda peke yangu."