Badiliko Aliloliruka Theoneste

Saa moja asubuhi, Kayanga, wilayani Karagwe. Theoneste Hagenimana anamaliza sala fupi, anawasha kompyuta na kumpigia simu Maua, muuguzi wa zahanati ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa.

"Namba ya mwisho?"

"Elfu tisa mia mbili na kumi na nne."

"Kwangu pia. Sasa nisomee taarifa za Apolinary, mtoto wa Niyonkuru."

"Kaka Theo, namba si zimelingana? Foleni imefika barabarani!"

"Nisomee, dada."

Maua anasonya, kisha anasoma.

Theoneste, mwenye umri wa miaka 41, anatunza kumbukumbu za wagonjwa za zahanati tatu za shirika moja la dini. Kanzidata kuu iko Kayanga, na kila zahanati ina nakala yake ili mtandao ukikatika kazi isisimame. Kila badiliko, iwe chanjo au uzito wa mtoto, hupewa namba na kutumwa kwenye nakala kwa mpangilio. Likikwama moja, yaliyo nyuma yake husubiri.

Hadi alipofika miaka 34 alikuwa kibarua wa mashamba ya migomba. Jioni aliendesha baiskeli kilomita kumi na moja kwenda darasani kujifunza kompyuta. "Wenzangu waliniita babu," anasema akicheka.

Kicheko kinakatika anapoulizwa kwa nini haridhiki na namba.

Masika iliyopita mtandao ulikatika siku mbili. Uliporudi, badiliko moja liligoma kuingia kwenye nakala ya Nyakatuntu, na mengine mia mbili yakajipanga nyuma yake. Simu za malalamiko hazikuisha. Theoneste akaiamuru mashine iliruke. Yaliyobaki yakaingia, namba zikalingana, naye akaenda kunywa chai.

Siku ya nne Vestina, mkulima wa Nyakatuntu, alimleta mwanawe Dusabe akiwa na homa ya mapafu. Maua alikuwa ameshavuta penisilini kwenye sindano.

"Sista, hiyo ilimvimbisha uso kule kwenye zahanati yenu ya Songambele."

"Mama, kompyuta haisemi hivyo."

"Kwani kompyuta ndiyo iliyomzaa?"

Vestina alimkumbatia mtoto, akakataa. Maua akapiga simu Kayanga. Kwenye kanzidata kuu mzio wa Dusabe ulikuwa umeandikwa; ndilo badiliko lililorukwa. Mtoto akapewa dawa nyingine, akapona.

"Ningeweza kuusingizia mtandao," Theoneste anasema taratibu. "Lakini ulikuwa mkono wangu. Jumapili ile nilikwenda kwa Vestina, nikamwambia hivyo hivyo."

Vestina alimkaribisha ndizi. Halafu akamuuliza, "Na mama mwoga angefanyaje?"



Tangu siku hiyo haruki kitu. Badiliko likikwama husimamisha nakala nzima, na zahanati hurudi kwenye karatasi hadi atakapolitengeneza. Pia anaandika programu ya kulinganisha yaliyomo kwenye kumbukumbu zote kila alfajiri.

Mwezi ujao zahanati ya nne itafunguliwa Bweranyange. Amewaomba wakubwa wake jambo moja: kabla ya dawa, muuguzi amsomee mzazi kilichoandikwa na amuulize kama ndivyo ilivyo.

"Wamenijibu kwamba itachelewesha watu," anasema. "Nimewaambia mimi nilishaharakisha mara moja. Bado naomba."