Kitenge cha Kumfuta Baba Jasho

Saksafoni ya Baba ilinuka shaba na hamira. Hamira ilitoka mikononi mwake, maana alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha mikate anaishika hata kabla ya kuvua viatu, na nyumba yetu ya mtaa wa Malvern, huku ughaibuni, inajaa sauti mpaka jirani wa juu anatugongea sakafu. Nilikuwa na miaka tisa. Majira yale ya joto Baba alitaka kitu kimoja tu: kuingia kwenye bendi ya jazi iliyopiga kila Jumapili mchana katika mkahawa mmoja wa Regent Park. Walimwambia aje apige nao nyimbo mbili, ndipo waamue.

Tulienda wote watatu baada ya ibada, Mama bado na kitenge chake cha kanisani. Ilipofika zamu ya Baba kupiga peke yake, watu walinyamaza, vikombe mkononi. Kanisani kwetu mpigaji akikolea, akina mama humwendea wakamfuta jasho. Ndiyo heshima yake. Basi Mama akainuka, akapita kati ya meza akipiga vigelegele, akamfuta Baba uso mzima kwa ncha ya kitenge. "Piga, Papa Neema!" akamwita kwa jina langu. "Leo watakujua!"

Nilitamani niyeyuke. Mama mmoja wa Kizungu, meza ya jirani, akaniinamia kuniuliza kama yule ni mama yangu. Nikajibu kwa Kiingereza, haraka: hapana, simjui. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesharudi, amesimama nyuma ya kiti changu.

Baba walimchukua. Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha kijiti, akamwambia, "Jumapili ijayo uje na huyu mama!" Kwenye basi Baba aliimba njia nzima. Mama alitazama dirishani tu. Jumapili iliyofuata alikwenda, akakaa, akapiga makofi kama wengine. Hajainuka tena tangu siku ile.

Sasa nina miaka kumi na sita, napiga saksafoni ileile kwenye bendi ya shule. Imebaki kunuka shaba tu. Baba siku hizi anaendesha lori. Mwezi uliopita tulikuwa na onyesho, Mama akakaa mstari wa mbele, kitenge amekikunja magotini. Nilipomaliza zamu yangu jasho lilikuwa likiniingia machoni, naye anapiga makofi polepole, kwa adabu, kama mgeni. Watu wakiwa bado wamekaa, nikashuka, nikamsogezea uso.

"Mama, nifute."

Akatupa macho nyuma kwanza. "Mbele ya hawa wote?"

"Mbele yao."