Viti vya Wakubwa Vyahamia Wodi ya Watoto

Saa mbili asubuhi, kengele ya kuona wagonjwa bado haijalia, Fundi Cheche amepiga goti kwenye korido ya wodi ya watoto, kitambaa chenye mafuta begani. Anazungusha kigurudumu kimoja kwa kidole na kutega sikio.

"Kinalia," anasema binti yake wa miaka sita, aliyemsimamia mikono kiunoni.

"Hakilii, mama. Kinapumua."

"Kinalia, baba. Tia mafuta."

Baba anatia mafuta. Wodi nzima inamwita mtoto huyu Mkaguzi, na hakuna stendi ya dripu inayoanza kazi hapa kabla yeye hajaisukuma hadi mwisho wa korido na kurudi nayo.

Kichwani hana unywele hata mmoja. Mrija unatoka mkononi mwake, unapanda hadi kwenye chupa, chupa inaning'inia kwenye bomba la chuma, na bomba limesimama juu ya miguu mitano yenye vigurudumu. Ukiinama utaona maandishi ya rangi nyeupe: KITI 14. Hayo tutayafikia.

Mkaguzi ana saratani ya damu. Iligunduliwa mwaka jana, baada ya miezi mitatu ya kurudishwa nyumbani na vidonge vya homa. Mashine ya kupimia damu ilikuwa mbovu, na mwenye saini ya kuruhusu itengenezwe alikuwa semina. Wenye saini kila siku wako semina. Wagonjwa ndio hawakosekani.

Baba yake anachomelea mageti na madirisha, ndiyo maana akaitwa Cheche. Mama yake alikuwa akishona sare za shule, ila cherehani ameifunika tangu siku waliyolazwa, maana nani mwingine angekaa kitanda namba saba? Zamani Fundi alimaliza mageti matatu kwa wiki. Siku hizi akimaliza moja anashukuru, na nusu ya geti hilo inaishia kwenye dawa ambazo hospitalini huambiwa zimekwisha.

Lakini kilichotaka kuwashinda si hicho. Ni haja ndogo.

Wodi ya vitanda ishirini na vinne ilikuwa na stendi mbili tu, zote magurudumu yamekufa. Chupa zilitundikwa kwenye misumari ukutani. Mtoto akishawekewa dripu amefungwa pale kutwa nzima, na akibanwa analetewa ndoo, watu wote wanaona.

"Mwanangu ana aibu zake," anasema mama. "Akaona njia ya kuikwepa ndoo ni kutokunywa maji. Nikimpa kikombe ananiambia ameshiba. Nikigeuka tu, anakimwaga dirishani."

Dawa zile ni kali. Zisiposindikizwa na maji mengi, zinaumiza figo. Sista mkuu wa wodi aliiona midomo ya mtoto ilivyokauka, akamwita daktari. Daktari hakuzunguka: dozi ya tatu iliahirishwa, na mambo yakiendelea hivyo matibabu yote yatasimama.

"Nilitoka pale nikijiuliza," anasema Fundi. "Mimi nachomelea mageti ya futi kumi. Nishindwe na ndoo?"

Akaunda stendi ya miguu mitatu kwa mabaki ya bomba. Ilitembea hatua sita, ikapiga mweleka. Bahati nzuri ilikuwa na chupa tupu ya majaribio.

"Baba Mkaguzi," sista akamwambia, "hii irudishe ikafunge geti."

Fundi akatoka kwenda kupoza kichwa nyuma ya jengo la utawala, na hapo ndipo alipoviona: viti vya kuzunguka vya wakubwa, thelathini na ushee, migongo imechanika, vimelundikwa mvuani mwaka wa nne sasa vikisubiri kamati iamue vitupwe au vipigwe mnada. Chini ya kila kimoja, miguu mitano na vigurudumu vitano.

"Nikakisukuma kimoja kwa nguvu. Kikaenda, hakikuanguka. Nikasema, kumbe hawa miaka yote wamekalia stendi zetu."

Ofisini wakamwambia aandike barua. Akaandika tatu, akajibiwa moja: mali haiwezi kutolewa kabla kamati haijakaa. Labda kamati ilikosa viti.

Aliyemtoa kwenye mkwamo ni mtunza stoo, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Kukitoa moja kwa moja sina ruhusa," alimwambia. "Kukitoa kikatengenezwe, hiyo ndiyo kazi yangu. Kikirudi nitaangalia namba tu. Kimetengenezwa vipi, wewe ndiye fundi, mimi nitajuaje?"

Ndiyo maana hadi leo, kwenye daftari la stoo, stendi kumi na moja za wodi hii ni viti. Juzi mkubwa mmoja alipita na wageni, akaegemea KITI 9, akapigwa picha akisema hayo ni matunda ya uongozi wake. Fundi alikuwa pale pale na bisibisi mkononi. Macho yake yalikuwa kwenye bomba.

"Nilichoogopa asinipindie bomba," anasema.

Siku stendi ya kwanza ilipokubali, Mkaguzi alikunywa vikombe vinne mfululizo. Dozi ya tatu ikaendelea, na nyingine zikafuata. Za dripu zimebaki mbili, kisha vidonge nyumbani. Mwezi wa kwanza anaanza darasa la kwanza, na mama ameshaifunua cherehani.

Fundi naye ana hesabu yake: vitanda kumi na vitatu bado. Anataka avimalize kabla binti yake hajaruhusiwa.

"Sitaki atoke hapa amwache mwenzake kwenye ndoo," anasema.

Saa nne, Mkaguzi anamaliza kikombe cha pili hadi tone la mwisho, anamrudishia mama yake na kushika KITI 14. Mama anainuka amfuate.

"Kaa, mama. Njia naijua."

Vigurudumu vinapita korido nzima bila kulia. Mlango wa choo unafungwa, kisha komeo, ambalo baba yake alilishusha hadi usawa wa kifua cha mtoto, linagonga chuma.

"Mmesikia?" Fundi anawauliza wote walioketi kwenye benchi. "Amejifungia mwenyewe."